Dakika Saba za Mwigina

Kengele yetu haikuwa kengele.
Ilikuwa ringi ya lori lililovunjika ekseli Chavakali
mwaka ule akina mama walipopanda kilima hiki
na mchanga wa mto Edzava vichwani,
debe moja kwa kila mtoto waliyetaka asome.
Kagai mjane, asiye na mtoto, alibeba manane.
Hakuulizwa. Hakusema.
Jina lake halimo kwenye bamba la langoni.

Ringi ikaning'inizwa kwenye msizi,
na mpiga kengele wa Mwigina, tangu hapo,
hachaguliwi na mwalimu.
Anayeondoka humkabidhi nyundo amtakaye,
usiku, nyuma ya jiko, bila hotuba.
Humwambia neno moja: "Usilale."
Mimi nilikabidhiwa mwaka wa tisini na moja
na Ombima, mwenye saa isiyo na kioo.

Desturi nyingine mtazikuta wenyewe.
Kulamba chumvi usiku wa kwanza, usiote kwenu.
Kuandika jina kwenye ubao wa kitanda
chini ya jina la aliyekilalia kabla yako.
Uji wa Jumamosi kunywewa wima,
kwa nini, hata mpishi hajui.

Ila hii ya dakika saba
naijua ilikozaliwa.

Mtihani wa majaribio, hisabati, Alhamisi.
Jumba alikuwa amemzika mamaye asubuhi hiyo hiyo,
akaja mbio kutoka Gisambai, udongo mwekundu kuchani,
akaingia wenzake wako swali la tisa.
Karatasi alipewa. Muda hakupewa.

Nilisimama chini ya msizi, nyundo mkononi.
Saa ya Ombima ikasema: sasa.
Dirishani nikaona kisogo cha Jumba,
kimeinama kama cha mtu anayepalilia,
mkono unakwenda,
unakwenda.
Kunguru akatua juu ya ringi, akaruka.
Mwalimu Mudaki akatoka ofisini, akanitazama,
akaitazama saa yake,
akarudi ndani, akafunga mlango polepole.
Saba.
Nikapiga.

(Alianguka, mjue. Hisabati ilimshinda vilevile.
Sasa anauza mbao Luanda, na hapunjwi hata senti.)

Nilipomkabidhi Amugune nyundo
nilimwambia, "Usilale," kisha nikaongeza:
"Alhamisi ya hisabati, wape saba."
Hakuuliza. Naye akamwambia wake.

Jana ilikuwa jubilii. Mahema, soda, mbuzi watatu.
Mwalimu mkuu, kijana msomi, suti ya buluu,
alitueleza kwa kipaza sauti
kuwa dakika saba ni heshima
kwa wazee saba waliotoa ardhi.
Makofi! Wajukuu wa wazee wakasimama, wakapunga.
Wazee walikuwa wanne,
na mmoja alikwenda kwa chifu adai shamba lake.

Jumba, safu ya mbele, kipara king'aacho,
akageuka akanitafuta katika umati.
Hakucheka.
Aliinua vidole vitano, halafu viwili,
kama mtu anayeitisha chapati.

Jioni, viti vikipangwa juu ya viti,
nikamkuta msichana chini ya msizi,
nyundo kwapani, sweta imefumuka kiwiko.
"Ulipiga wewe zamani? Basi niambie,
ni kweli, wale wazee saba?"

Nikaigusa ringi. Ilikuwa bado na joto la jua.
Nikamwambia, "Kulikuwa na mjane, Kagai,
alibeba madebe manane ya mchanga.
Anzia hapo."