Kinyago cha Kuchomelea

Daktari Iturra ananiuliza: moja hadi kumi,
ni ngapi?
Naitazama kalamu yake.
Miaka thelathini nilihesabu kaa kiwandani,
kreti kwa kreti, sikukosea hata siku moja,
lakini hiki kitu hakihesabiki.
Nikisema saba, nimekisingizia.
Nikisema kumi, kesho kikizidi nitasema nini?

Kichwa, najua, huwanga.
Tumbo husokota, jipu hupwita,
kidonda kikiingiwa na chumvi huchonyota.
Kila kiungo kina kitenzi chake cha kulilia.
Ila shavu langu la kushoto
halijapewa neno.

Basi andika, daktari: waya.
Waya wa umeme uliokatika usiku wa dhoruba,
umelala kimya barabarani, watu wanauruka,
halafu mbwa anaukanyaga.
Mbwa ni kijiko cha supu.
Mbwa ni mswaki, ni tone la mvua,
ni neno lolote linalotaka midomo ikutane.
Mbwa ni Nolberto, mume wangu, akija kunibusu.

Walianza kwa kung'oa meno.
Magego matatu, mazima, hayana hata doa.
Nikarudi nyumbani na mapengo na maumivu yaleyale,
yamekaa palepale, kama mpangaji
anayetazama nyumba ikibomolewa chumba baada ya chumba
na hahami.
Zunilda wa jirani akasema, mbona uso wako haujavimba?
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
lakini maiti angalau haulizwi mbona hajavimba.

Na Punta Arenas ni mji wa upepo.
Siku zikichafuka hufungwa kamba kwenye pembe za barabara,
watu wazima wazishike wasipeperushwe.
Upepo huu nimezaliwa nao.
Umenikaushia nepi za watoto wanne,
umening'olea mabati mara mbili, nikausamehe.
Sikujua kwamba siku moja utaota kucha.

Nikajifungia siku arobaini na moja.
Mkate akileta Nolberto, habari akileta Nolberto.
Tuliongea kwa meza:
kugonga mara moja, ndiyo,
mara mbili, hapana,
kiganja kikilala wazi: kaa hapa, usiniguse.

Skafu haikufaa. Sufi ilikuwa moto.
Siku ya arobaini na mbili alirudi kutoka karakana ya meli
na kinyago chake cha kuchomelea.
Hakusema kitu. Alifuta masizi kwa mkono wa shati,
akachomoa kioo cheusi, akatia cheupe,
akaniteremshia kichwani polepole
kama mtu anayefunika kifaranga kwa bakuli.
Hakikugusa shavu. Kilisimama mbele yake tu,
na kati yao ikabaki hewa kidogo, yangu peke yangu.

Tukatoka.
Nikausikia upepo ukipiga nje, ukipiga, ukinitafuta.
Mkono mmoja kwenye kamba,
mwingine kwenye koti la fundi wangu.
Dukani mtoto akapiga kelele:
"Mama, roboti anataka mkate!"
Nikacheka. Kicheko kikaukanyaga waya.

Niliinama katikati ya foleni,
machozi yakijaa mle ndani pasipo mtu kuyaona,
Nolberto akihesabu kwa sauti ya chini
kama anavyohesabu akingoja chuma kipoe.
Alifika ishirini na tatu.
Nikainuka, nikanunua mikate sita.

Sasa andika dawa, daktari. Nitazimeza.
Zile za kwanza zilinisahaulisha majina ya wajukuu,
lakini nitazimeza.
Na kwenye kile kisanduku chako cha namba
usiweke namba.
Andika: alicheka,
akalipia.