Dakika za Ziada

Baba anawaokea mikate watu wa Pécs
tangu saa nne usiku hadi kuche.
Televisheni ya jioni haimjui.
Kila anachotazama ni kiporo,
na mwekaji wa kiporo ni mimi:
kompyuta kuukuu chini ya meza ya jikoni,
antena dirishani, imeelekezwa mnara wa Misina,
feni inayokoroma kumshinda Baba mwenyewe,
na ratiba, ile ratiba,
inayoshuka kwa waya kila alasiri.

Mwezi wa kwanza ilinionea.
Iliandika: "Filamu. Dakika tisini na tano."
Filamu gani? Ya nani? Ya mwaka upi?
Ni kama kumwuliza mtu jina
akakujibu: mtu.
Majina yetu, yenye vistari vichwani,
yakafika na alama za kuuliza:
Dezs?, Gy?z?, Er?s,
waigizaji wa nchi nzima wakawa watuhumiwa.

Kila Jumanne iliapa kwamba sehemu ni mpya.
Mashine, kwa imani ya mtoto mchanga,
ikarekodi mara sita
mwanamke yuleyule akishuka treni ileile
na sanduku lilelile lisilofungika.
"Huyu mama," akasema Baba, "tumdai kodi."

Oktoba saa ziliporudishwa nyuma
ratiba haikurudi.
Nikapata saa nzima ya sabuni za kufulia
na mtu mmoja akieleza ukungu.

Kisha ile Jumapili.
Polo ya majini, wenye kofia za buluu na wenye nyeupe,
sare, nyongeza, sare tena, penalti,
na filamu ya Baba ikisubiri nje ya bwawa
kama mgeni aliyeshika keki.
Saa moja asubuhi akaja na unga kwenye nyusi,
akakaa, akatazama.
Hakimu akaingiza kidole chini ya ulimi wa bahasha —
giza.
Hakusema kitu. Akainuka akaosha kikombe
ambacho kilikuwa safi.

Bibi Piroska ndiye aliyefungua kabati
akatoa magazeti ya ratiba ya miaka arobaini,
yamefungwa kwa utepe wa aproni.
Pembeni, penseli nyekundu:
*Polo. Ongeza robo saa. Wakiwa sare, nusu.*
*Hii tumeiona. Dezső alisinzia.*
*Usisome maelezo, yamefichua muuaji!*
*Huyu mwenye masharubu ni wa Siklós,
mama yake aliniuzia bata.*

Nikasoma hadi chai ikaota ngozi.
Nilikuwa nadhani ratiba ni orodha ya saa.
Kumbe ni mtu aliyekaa nawe kwenye kochi,
anayejua ulipoishia,
anayejua wapi watu hukawia,
na asipojua, anasema sijui,
habuni dakika ili kuziba tundu.

Majira yote ya baridi niliandika programu
huku magazeti yamenizingira.
Kila sehemu nikaipa namba yake na tarehe ilipozaliwa,
ili ya zamani isijipake poda ikajiita mpya.
Vistari nikavirudisha vichwani mwa wenyewe.
Maelezo nikayakata pale mlango unapofunguliwa.
Baada ya mchezo wowote wenye mpira,
dakika za ziada, bila kubishana.

Februari, Alhamisi, saa nane ya usiku,
chaneli ambayo hakuna anayeitazama
ikairudia ile filamu chini ya jina jingine.
Ratiba ikaitambua kwa namba. Ikaikamata yote,
na mkia wa utabiri wa hali ya hewa juu yake.

Asubuhi tukakaa watatu.
Kidole cha hakimu kikaingia tena chini ya bahasha.
Kilichokuwemo sisemi.
Nilipogeuka nimtazame Baba
kichwa kilikuwa kifuani, unga ukimdondokea shati,
na Bibi alikuwa keshachukua karatasi ya mkate,
anatafuta penseli.