Vipimo vya Tanga la Gaudensi

Daftari langu lina kwaya nzima ya Sawala:
mabega kumi na saba, kiuno thelathini na nne,
na mama mchungaji, ambaye kiuno chake hatukiandiki.
Kisha, kati ya sare za darasa la tatu
na gauni la kipaimara lililolipiwa nusu,
yupo huyu:
mgongo futi kumi na moja na inchi nne,
pindo la chini futi nane kamili,
ubavu wa nyuma kumi na tatu na inchi kumi.
Mtu gani huyu, mwanangu aliuliza, ana pembe tatu?

Gaudensi Mhavile hajawahi kuona bahari.
Ameona misonobari. Ameipasua miaka kumi na tisa
pale kiwandani, na kila Jumamosi
akarudi na mabanzi begani,
mpaka nyuma ya jiko lake pakalala mashua
ya futi kumi na mbili, pua imeelekea banda la nguruwe.
Mkewe alianikia maharage ndani yake.

Nilikata turubai la bluu kwa rula, mshono ukanyooka,
nikajisifu. Tukaenda bwawani Ngwazi asubuhi ya Julai,
ukungu umeishika michai kiunoni,
vidole vimekufa ganzi, fundo halifungiki.
Upepo ukaja.
Tanga likasimama bapa kama mlango,
mashua ikaenda ubavu, ubavu,
kama mlevi anayetafuta ukuta,
hadi kwenye matete.
Wachuma chai walicheka, vikapu mgongoni.

Usiku nililitandaza sakafuni, nikakaa katikati yake.
Mbao hazikuwa na kosa.
Mimi ndiye niliyempimia upepo
kama mtu asiyepumua.
Hata blauzi ya maiti huachiwa nafasi kidogo!
Nikafumua mgongo, nikaongeza kitambaa chenye upinde:
sifuri kwenye ncha, vidole vitatu katikati,
vidole vyangu, kimoja kina kovu la sindano,
basi usiniulize ni sentimita ngapi.

Jumapili, baada ya misa, likajaa.
Halikupiga kelele. Lilijaa tu,
kama shavu la mtoto aliyeficha sukari,
na Gaudensi akanipita bila kunitazama,
kofia ya sufu imemshukia machoni,
akitaja namba zangu kwa sauti,
nane, kumi na moja na nne,
hadi ukungu ukamfunika, bado anahesabu.

Nadai elfu kumi na mbili.
Kwenye safu ya tumbo sikuandika kitu,
nimechora vidole.