Chumba cha Tatu, Lübeck

Zamani mashine hizi zilikuwa wapangaji wa nyumba moja
wasioamkiana.
Ya kupumulia ilisimamishwa ili eksirei ipigwe;
ikabaki kimya, sote macho kwenye picha,
hadi Wiebke, muuguzi, akapaza sauti: "Pumzi!"
Mtoto hakufa. Ila midomo ilishakuwa samawati.

Leo zinasemezana kabla jicho halijapepesa:
picha inabisha hodi, pumzi inaitika karibu,
inangoja, inarejea yenyewe.
Pampu ya usingizi ikisikia moyo unalegea
inapunguza mkono.

Fundi Thorben anatabasamu. "Sasa zina lugha moja."

Wiebke habanduki kitandani.
Midomo yake inahesabu, bila sauti,
moja, mbili, tatu,
mpaka kifua cha mgonjwa
kinyanyuke.