Hali ya Hewa, Luthuli

Ghorofa ya pili, mlango wa saba, upande wa choo.
Meza yangu haizidi dhiraa moja na nusu,
na hapo ndipo dunia huja imevunjika kioo,
ikauliza: Fundi Musembi, nirudi saa ngapi?

Vipuri vyangu hutoka Shenzhen, kwa mwanamke
ambaye sijawahi kuisikia sauti yake.
Qiu Meilan. Tunaandikiana kwa mashine,
yeye kwa herufi zake, mimi kwa Kiswahili,
na katikati yule mkalimani, mlevi mwenye adabu,
huniita "Mjomba Mteja Mtukufu",
na kioo cha simu hukiita pazia.
"Mapazia hamsini yamepanda ndege Jumanne."
Siku moja niliandika, mambo ni magumu;
akauliza ni mawe ya aina gani,
na kama nahitaji nyundo.

Miaka minane hivyo.
Siasa za dunia nimezisoma kwa bei ya betri.
Wakubwa wawili wakikunjiana uso,
huyu akapandisha ushuru,
yule akaficha madini yake chini ya mkeka,
mimi huipata habari kabla ya gazeti:
chipu ya kuchaji, jana mia tatu,
leo mia tano na sitini.
Fahali wakipigana, husema watu, ziumiazo nyasi.
Sawa. Mimi ni nyasi yenye kodi ya pango
na mtoto kidato cha pili.

Usiku mmoja, nimechoka, ulimi umelegea,
nilimuuliza: huko kwenu, watu wanamwonaje mkubwa wenu?
Alama za kusomwa zikawaka.
Kimya.
Siku tatu. Kisha:
"Mjomba Mteja Mtukufu, hali ya hewa hapa ni nzuri."
Nilicheka. Nikamwonyesha Nafuna, jirani, muuza vifuniko,
naye akacheka hadi akashika ukuta.
Watu gani hawa, tukasema,
waliotujengea barabara ya kupita juu ya vichwa vyetu
na swali la kunywea chai linawashinda?

Ikaja Juni.
Moshi ulipanda ngazi bila kubisha,
ukatukuta gizani, mlango tumeukomea,
simu za wateja zikilia kwenye droo,
mama, mama, mama, mama.
Kwenye nguzo, kamera hazikupepesa.
Moja niliwahi kuifungua, iliangushwa na lori:
ndani mlikuwa na jicho lile lile
la simu ya kujipigia picha,
gundi ile ile, pengine mkono ule ule uliolibandika.

Jumatatu wakaja wawili,
viatu safi mno kwa Luthuli.
Wakaweka mezani simu iliyolowa,
ganda la waridi, kibandiko cha kipepeo.
"Iwashe. Tunataka yaliyomo tu."

Nikaitia chini ya darubini.
Kipuri kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama,
kilikuwa kimeungua.
Kazi ya dakika nne.
Ninavyo arobaini kwenye kopo la siagi.

Nikapuliza. Nikakuna kisogo.
Nikatikisa kichwa kama daktari wa wilaya.
"Bodi imekufa, wakubwa. Maji yameila."
Mmoja alinitazama sana,
jinsi mtu anavyotazama noti asiyoiamini.
"Na wewe, siku ile, ulikuwa unaona nini hapo dirishani?"

Dirisha langu linatazama ukuta.
"Hali ya hewa," nikasema. "Ilikuwa nzuri."

Usiku sikuagiza kitu.
Nilimwandikia tu Meilan:
hali ya hewa hapa pia ni nzuri.
Zikawaka. Akawa anaandika, anaacha,
anaandika, anaacha.
Nafuna alishafunga, mlinzi alishagonga mara mbili.

"Mjomba, beba mwavuli."

Na baadaye kidogo, bila heshima, bila Mteja Mtukufu:
"Mapazia mazito yapo.
Nikutumie mangapi?"