Gia ya Tatu

Trekta la baba, kule Ngomeni,
gia ya tatu haikuingia kwa ubabe.
Kanyaga klachi, rudisha huru, achia,
kanyaga tena, sukuma kushoto kidogo,
ngoja,
kama mgeni aliyepiga hodi
akasikia ndani mtu anajifunga shuka.
Ikilia krrr, umeharakisha.

Madereva watatu walilikimbia.
Semkiwa alilitukana
hadi majirani wakafunga madirisha.
Baba akacheka. Kirungu cha gia
kilishalika kwa kiganja chake;
akapanda, akaondoka nalo
na tela zima la mkonge, bila mkwaruzo.

Mwezi wa Rajabu nikamleta fundi Mwanjaa, wa Pongwe.
Akamwaga oili: nyeusi, nzito kama shira iliyoungua,
chembe za chuma zikimetameta ndani.
Uma wa gia umepinda. Jino moja halipo.
"Hili liling'oka zamani," akasema,
"mlikuwa mnakwenda na pengo."
Siku mbili chini ya mkorosho,
nati kwenye sahani ya wali,
kisha akafunga, akajifuta mikono kwa kanga kuukuu,
akahesabu pesa yake mara mbili.

Sasa tatu inaingia kwa kidole.
Hata mwanangu wa darasa la sita anaiweza.

Jana baba kapanda.
Kakanyaga, kaachia, kakanyaga tena,
kasogeza kushoto, kangoja,
kainamisha sikio.
Kimya.
Akazima, akashuka mguu mmoja mmoja.
"Zuri," akasema. "Ila sasa halisemi na mtu."