Chumvi Imehama

Nangobi, nimehamisha chumvi.
Sasa imo kwenye kopo la majani ya chai,
rafu ya juu. Jana Kirunda
alipanda gunia la mkaa
akidhani ni sukari,
akamwaga karanga zote.

Maharage niliyaloweka kabla ya zamu.
Yachemshe yote, tule mpaka Jumatano.
Matoke nimeyamenya, yamo majini;
usiyatoe mapema
yakawa meusi kama vidole vyangu.

Wewe waingia kiwandani, mimi natoka.
Walukuba nzima yajua
tunaonana kwa sufuria:
unaniachia ukoko wa posho,
naukwangua polepole,
nikijua ulikula umesimama.

Jumapili tuketi.
Nimenunua kigoda cha pili.
Kiko nyuma ya mlango,
kisikutegue mguu.